Mkono wa Mashine ya Bushiri

Inspekta Vitalis alijaribu nondo kwanza, kisha bomba la maji, na mwisho mpini wa sululu aliouazima kwa waashi wa mtaa wa pili. Mpini ulikatika. Bomba liliteleza likamchuna vidole, akabaki amesimama katikati ya duka la zawadi akivipuliza na kuitukana mashine kimoyomoyo, huku vinyago vya mpingo vikimkodolea macho kutoka kwenye rafu.

Mashine haikujali. Ilikuwa ya chapa, ya chuma cheusi, ya tangu enzi za Wajerumani, au ndivyo marehemu mzee Bushiri alivyopenda kuwaambia watalii waliotoka kutazama soko jipya la Kariakoo. Mtalii alinunua kikapu au kinyago, mzee akampangia jina lake kwa herufi za risasi, akazipaka wino, akauvuta mkono wa mashine mara moja, na mgeni akaondoka na kadi yenye jina lake. Sasa mzee alikuwa kaburini mwezi wa tatu, na mashine haikuwa na mkono. Ule mkono ulikuwa chuma kizito chenye kichwa cha pembe nne, kilichotengenezwa kuingia kwenye tundu lake na si kitu kingine. Bila huo, bamba la juu halishuki, na bamba lisiposhuka hakuna kinachochapwa. Vitalis alikuwa ameshathibitisha hilo kwa vidole vyake.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi uliopita soko liliamka likakuta karatasi zimetupwa kila meza, zikisema kwamba unga na sabuni za duka la ushirika la mtaa hutokea mlango wa nyuma, na zikimtaja mwenyekiti wa duka hilo kwa jina lake na la baba yake. Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni ilikuwa haionekani, kwa hiyo watu walizisoma karatasi zile kwa hamu kuliko gazeti. Mwenyekiti akaja juu. Polisi wakauliza nani ana mashine ya chapa Kariakoo, na wote wakalitaja duka la Bushiri. Kufika, wakakuta kopo la wino halijakauka na sinia la herufi. Wakamchukua Seifu, mtoto wa pekee wa marehemu, ambaye ndiye aliyebaki na ufunguo.

Mrakibu Elieshi, mkuu wa kituo, aliona jambo limekwisha. Seifu alichapa, kisha akauficha mkono wa mashine ili ajifanye hawezi kuchapa. Hati ya kumpeleka kizuizini ilikuwa tayari mezani, ikisubiri kupelekwa juu kesho yake asubuhi. Na aliyepelekwa kule hakuambiwa atarudi lini.

"Tafuta huo mkono," Elieshi alikuwa amesema. "Ukiupata kwa Seifu, kesi imekwisha. Usipoupata, kesi imekwisha vilevile."

Basi Vitalis alikuwa ametafuta mpaka viatu vikaomba msamaha. Wahunzi wa mtaa wa Gerezani walimwonyesha kila chuma walichonacho. Fundi mmoja wa Ilala aliapa kwamba anao, akamtolea kwa fahari mkono wa jeki ya lori. Kisha ikaja habari kwamba Seifu alionekana kwenye kivuko cha Magogoni akivuka na kitu kirefu kimeviringishwa mkeka. Vitalis naye akavuka, akazunguka Kigamboni juani mchana kutwa, na mwishowe akaonyeshwa kitu chenyewe: tendegu la kitanda, alilopelekewa bibi mmoja aliyekuwa akilalia jamvi. Bibi alimshukuru kwa kuja kumjulia hali.

Sasa alipiga magoti mbele ya mashine na tochi, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, akalimulika lile tundu. Ndani kulikuwa na udongo. Alidhani ni uchafu, akauchokoa kwa njiti ya kiberiti, ukamong'onyoka kipande kizima chenye vyumba vidogo ndani yake. Ni nyumba ya nyigu, wale wanaojenga kwa matope kwenye pembe za dirisha. Vyumba vyote vilikuwa vimetobolewa, vitupu. Watoto wa nyigu walikwisha kukua wakaruka zao.

Vitalis alikaa chini sakafuni akafikiri. Nyigu hajengi kwenye tundu lenye chuma. Lazima mkono uondoke kwanza, ndipo aje na matope yake, ajenge, atage, watoto wakue, watoboe, waende. Hiyo ni kazi ya zaidi ya mwezi. Kwa hiyo siku karatasi zilipochapwa mkono haukuwapo hapa, na wino wa Bushiri ni wa mafuta, hukaa koponi mbichi hata mwaka. Seifu hakuchapa kitu. Vitalis aliweka kile kipande cha udongo ndani ya kasha la kiberiti akaenda kituoni mbiombio, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa na furaha.

Haikudumu. Elieshi alikitazama kipande cha udongo, akamtazama Vitalis.

"Unataka nimpandishe nyigu kizimbani?"

Vitalis alieleza tena, polepole. Mrakibu akamsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mjinga, kisha akasema wazi kwamba wakubwa hawatasoma habari za wadudu. Wanataka mtu. Mtu mwenye jina na mdomo, aje aseme mkono ulikuwa wapi na tangu lini. Akiletwa kabla hati haijaondoka, Seifu atatoka. Asipoletwa, asubuhi ni asubuhi.

Vitalis akarudi Mtaa wa Mkunguni, kwenye duka la Bushiri, akiwa amefura. Nyumba na duka vilikuwa kitu kimoja, duka mbele, vyumba nyuma, na huko nyuma Bi Sitara, mjane wa Bushiri, alikuwa amekaa eda. Hiyo nayo ilikuwa adhabu kwa mpelelezi. Alikwisha kumhoji mara kadhaa, na kila mara aliketishwa ukumbini mbele ya pazia la maua, akazungumza na maua. Sauti ilitoka nyuma ya pazia, tulivu, ya mtu aliyelia akamaliza. Uso hakuuona, wala hakujua mikono yake inafanya nini akiulizwa swali gumu. Pembeni alikaa wifi yake, Bi Waridi, dada wa marehemu, akichambua mchele na kumtazama inspekta kwa jicho la kumpima.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena."

Akamwuliza tena, nani aliuiba mkono wa mashine. Akajibiwa tena kwamba hakuna aliyeuiba. Umepotea? Haujapotea. Seifu ameuficha? Seifu hakuficha kitu. Basi uko wapi? Hapo pazia likanyamaza, kama lilivyonyamaza mara zote. Vitalis akasikia damu inampanda. Akasema kwa ukali, jambo asilozoea kuwafanyia watu wazima, kwamba mtoto wao wa pekee anapelekwa kizuizini kesho, na yeye, mtu asiyehusika naye kwa damu wala kwa dini, ndiye anayehangaika juani huku wenyewe wamefunga midomo.

Bi Waridi akaweka ungo chini.

"Usitufokee, baba. Tangu msiba tumepumzika lini? Watani walitutesa siku ya maziko mpaka tukakosa pa kusimama, hatujavuta pumzi mmekuja nyinyi."

Akauchukua ungo wake tena. Neno lile, watani, lilimnasa Vitalis. Alikuwa anawaza kwao Peramiho, siku walipomzika baba yake. Watani walikuja wakalia kilio cha uongo, wakamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na walipoondoka waliondoka na baiskeli yake. Hakuna aliyesema wezi. Familia iliulizwa lini itakwenda kuigomboa, wakacheka, na baiskeli ikakaa huko hata baada ya mavuno. Angekuja polisi wakati ule akauliza nani kaiba baiskeli, mama yake angejibu nini? Angejibu hivihivi.

Alijisikia mpumbavu, na akakasirika zaidi.

"Bi Sitara, mtani aliyemzika mzee ni nani?"

Punje za mchele zilikoma kugonga ungo.

"Huyo muache," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Vitalis akasema hawezi kumwacha. Ndipo Bi Sitara akazungumza, mara hii bila kupumzika. Marehemu alikuwa Mzaramo, na mtani wake alikuwa Mnyamwezi, rafiki yake tangu ujana. Siku ya maziko yule mtani aliingia kaburini akalala humo, akasema Bushiri hazikwi mpaka apewe chake, na watu wakacheka hata yeye mjane akacheka huku analia. Kisha ndiye aliyempokea maiti kwa mikono yake akamlaza vizuri. Alipotoka alivaa aproni ya marehemu yenye madoa ya wino, akauchomoa mkono wa mashine, akapita nao mtaani begani akiimba. Alisema Seifu atakuja kuugomboa eda ikiisha.

"Mtaa mzima uliona," alisema Bi Sitara. "Lakini yule mtu hana kazi sasa, kiwanda chao kimefungwa. Na nyinyi mnawakusanya wasio na kazi mnawapakia kwenye malori kuwapeleka mashambani. Aliyemshusha mume wangu kaburini, mimi nimtaje polisi?"

"Na Seifu anajua?"

"Anajua. Hatukusemezana, lakini ni mtoto wa baba yake."

Vitalis alitoka nje akajaribu njia nyingine. Ikiwa mtaa mzima uliona, basi mtaa mzima ni mashahidi, na yule mtani hana haja ya kutajwa. Akaanza na kinyozi wa mkabala. Kinyozi siku ile alikuwa safarini. Muuza kahawa alikuwa mgonjwa. Fundi cherehani, aliyekuwa na baraza linalotazamana na mlango wa duka, alisema macho yake si mazuri, na akaendelea kutunga uzi kwenye sindano bila taabu yoyote. Kila mtu alimpa kiti, kila mtu alimpa pole kwa jua, na hakuna aliyempa jina. Alitamani kuwaweka ndani wote, pamoja na cherehani. Kilichomuudhi hasa ni kwamba alijua angekuwa wao naye angefanya hivyohivyo.

Bi Waridi alimkuta kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, kajitanda kanga mpaka puani.

"Wifi yangu anamlinda aliyemzika mumewe, sawa," alisema. "Mimi Seifu nilimbeba mgongoni. Nenda Buguruni, ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa mafundi magari. Muulize Mihayo. Na Mungu anisamehe."

Akageuka akaenda zake.

Alimpata Mihayo katika chumba cha kupanga cha ua wenye vyumba vingi, akishona kiatu kilichokwisha kushonwa mara nyingi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mvi za ndevu tu. Pembeni ya kitanda, umevikwa aproni yenye madoa ya wino, ulisimama mkono wa mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Polisi wenye adabu wameanza lini?"

Vitalis hakuwa amevaa sare, lakini hakuona haja ya kubisha. Akauliza ule mkono ni wa nani. Mihayo akasema ni wake, mpaka yule Mzaramo mchoyo mdogo aje na jogoo mnene wa kuugombolea. Asipokuja atautumia kutwangia kisamvu. Alicheka mwenyewe. Alipoona mgeni hacheki, akaacha.

Ikawa kwamba hakujua Seifu amekamatwa. Tangu msako wa wasio na kazi uanze hakutia mguu sokoni. Zamani alifanya kazi kiwanda kimoja cha viatu, ngozi zikakosekana, wakaambiwa wasubiri nyumbani, na kadi yake ya kazi ikaisha muda akiwa anasubiri. Alijificha humu ndani, akishona viatu vya majirani. Habari za Mkunguni hazikumfikia. Vitalis akamweleza yote, karatasi, wino, hati iliyo mezani.

"Mtoto wa Bushiri yuko ndani kwa sababu ya chuma hiki?"

"Kwa sababu yako. Angekutaja siku ya kwanza angekuwa nje."

Mihayo aliweka sindano chini.

"Mjinga sana," alisema. "Sawa na baba yake."

Hapo Vitalis alifanya jambo ambalo Elieshi asingelipenda. Alimwambia ukweli kwamba akija kituoni atasaidia, Seifu atatoka, lakini ataulizwa kadi, na lori la msako lipo palepale uani. Yeye Vitalis atamwombea kama shahidi. Haahidi kitu. Mihayo akauliza kama akikataa atafanywa nini. Vitalis akasema atarudi kituoni aseme hakumkuta.

Mihayo akaomba maji ya kuoga. Akatoka amevaa shati safi lililopigwa pasi, akauchukua mkono wa mashine akauweka begani. Vitalis alipotaka kumsaidia alikatazwa. Chuma hicho hakishikwi na mtu baki kabla hakijagombolewa, polisi au si polisi. Wakatembea hivyo, inspekta nyuma na mtani mbele, na Buguruni yote ikawageukia.

Kituoni mambo yalikwenda kwa haraka ya kushangaza, jambo lililozidi kumuudhi Vitalis, maana wiki nzima hakuna kilichokwenda. Mihayo alisema alivyouchukua mkono, siku gani, mbele ya nani. Wapangaji wenzake walioitwa walisema chuma kile kilikuwa chumbani tangu siku hiyo na hakikutoka. Elieshi mwenyewe aliandamana nao hadi dukani, mkono ukaingizwa kwenye tundu, ukakaa barabara, na bamba likashuka bila kelele. Waliporudi Mrakibu akaichana ile hati mbele ya Vitalis. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Kisha akageuza ukurasa mpya wa maelezo ya shahidi.

"Kazi yako?"

"Mtani," alisema Mihayo.

"Nimekuuliza kazi."

"Na mimi nimekujibu, ndugu. Tangu kiwanda kifungwe sina nyingine."

Vitalis alisema yote aliyoyaandaa njiani. Kwamba huyu ni shahidi wa serikali. Kwamba bila yeye wangemfunga mtu asiye na hatia. Kwamba kadi iliisha muda kwa kosa la ngozi, si lake. Elieshi alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza habari za nyigu. Akasema ushahidi umeshachukuliwa na umewekewa sahihi. Akasema pia kwamba agizo la kuwarudisha wasio na kazi mashambani si lake, na akimwacha mmoja aliyeingia kituoni kwa miguu yake mwenyewe, atamweleza nini yule wa pili?

"Angalau wiki moja, afande. Mpaka apate kibarua."

"Lori linaondoka sasa hivi, Vitalis."

Vitalis alitoka akaubamiza mlango mpaka konstebo wa zamu akasimama wima.

Seifu alitolewa mahabusu wakati injini ya lori inawashwa. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, mkanda na kamba za viatu kavishika mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alisimama kwenye ngazi akikunja uso kwa mwanga, ndipo akamwona Mihayo juu ya lori, katikati ya watu na mabunda yao, na shati lake safi. Vitalis alimwona alivyoelewa. Alielewa mara moja, akashika nguzo.

Mihayo naye alimwona. Akasimama, akashika ubao wa lori.

"Tazameni Mzaramo yule," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Kala bure mwezi mzima, hata asante hana. Jogoo wangu yuko wapi, wewe mchoyo? Baba yako alikufa na deni, na wewe utakufa nalo."

Watu ndani ya lori wakacheka. Lori likaanza kurudi nyuma. Mihayo alibaki amesimama, ameshika ubao, akimtazama na kungoja, kwa sababu mtani akitukana lazima ajibiwe, na asiyejibu amemkana mwenzake.

"Nenda," Seifu alisema, kisha akapaza sauti, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. "Nenda, mwizi wa makaburini. Nenda kwenu ambako hata fisi wamehama kwa njaa. Nitakuja hukohuko nikunyang'anye hata hilo shati."

Mihayo akacheka mpaka akakohoa. Akaketi chini katikati ya mabunda, na hakutazama tena nyuma.

Konstebo wa zamu alikuwa ametoka hadi mlangoni. Aliutazama uwanja, akamtazama Seifu anayelia na kutukana, na lori linalokata kona kuingia Msimbazi.

"Afande, huyu ndiyo kwanza ameachiwa, na anatukana watu hadharani. Nimrudishe ndani?"

"Muache," alisema Vitalis. "Anamuaga mtani wake."